Fungua Faili kama Unavyofungua Kaye ya Mtu

Asubuhi mitumbwi inaporudi Kalundu, bandari ya Uvira kwenye Ziwa Tanganyika, na samaki wadogo waitwao ndagala wakishapakuliwa, kuna mtu anaandika. Mara nyingi ni kijana aliyemaliza shule ya sekondari, ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, kaye iko magotini. (Wasomaji wa ng'ambo ya ziwa huiita daftari.) Anaandika tarehe, jina la chombo, kilo za ndagala, kilo za lumbu, na mikeke kama usiku ulikuwa wa baraka. Miezi sita baadaye wakubwa wa kikundi wanamuuliza: mwezi wa tatu tulipata kilo ngapi? Hapo kaye tatu zinapekuliwa, nyingine imeshalowa, na jibu linachukua siku mbili.

Siku hizi vijana wengi wa Uvira wanahamishia kaye hizo kwenye kompyuta, na baadhi wameanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, ili mashine iwafanyie hesabu. Ninawaandikia hao, pamoja na wauguzi wanaotunza orodha za wagonjwa na wanafunzi wanaoandika kazi za mwisho wa masomo. Kufungua faili la maandishi kwa programu huonekana jambo dogo. Vitabu vingi hulimaliza kwa ukurasa mmoja. Mimi naona hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu faili linaweza kufunguka vizuri, programu ikaenda hadi mwisho bila kulalamika, na jibu likawa la uongo.

Kwanza, aina ya faili. Mkiweza, takwimu zenu za msingi ziwe katika faili la maandishi matupu, .txt au .csv. Faili la namna hiyo halina rangi wala mapambo. Ni mfululizo wa herufi tu, na kila kompyuta, ya zamani au ya leo, italifungua. Mwaka 2003 wanasayansi walionyesha kwamba Ziwa Tanganyika limepata joto katika karne ya 20, na kwamba joto hilo linapunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, hivyo virutubisho vya kilindini havipandi kulisha chakula cha ndagala. Waliweza kusema hivyo kwa sababu walikuwa na vipimo vya joto vya ziwa vilivyoandikwa tangu mwaka 1913. Namba zilizoandikwa wazi zilisomeka miaka 90 baadaye. Kaye zenu nazo zinastahili umri kama huo.

Sasa tufungue. Wenye simu tu wasikate tamaa: Pydroid 3 huendesha Python kwenye simu ya Android, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Tuseme faili lenu linaitwa ndagala.txt na liko katika folda moja na programu yenu.

with open("ndagala.txt", encoding="utf-8") as kaye:
    for mstari in kaye:
        print(mstari.strip())

Mistari mitatu. Neno "kaye" nimelichagua mimi. Andika jina lolote unalotaka. Tuichukue mistari hii polepole, maana kila neno hapo lina sababu yake.

Neno "with" liliingia katika Python mwaka 2006, na kazi yake ni kufunga faili hata kama kosa litatokea katikati. Mtu akifungua faili bila "with" anatakiwa akumbuke kulifunga mwenyewe. Kwa kusoma tu, kusahau hakuleti balaa kubwa. Kwa kuandika, ni hatari: maneno uliyodhani yameandikwa huwa bado yanasubiri katika kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na umeme ukikatika yanakwenda nao. Sisi wa Uvira hatuhitaji kuelezwa umeme hukatika vipi. Tumieni "with" kila mara, hata pale mnapoona si lazima. Lugha nyingine zina njia zao: katika C ni wajibu wako kufunga kwa mkono wako, katika Java kuna mpango unaofanana na "with". Desturi ni ileile.

Mstari wa pili unasoma faili mstari baada ya mstari. Kuna njia nyingine, ya kumeza faili lote kwa mkupuo, na kwa faili dogo haina ubaya. Lakini tazameni wabebaji pale bandarini. Hakuna anayetaka mzigo wa boti nzima uwekwe kichwani mwake mara moja. Wanabeba kilichopo, wanarudi kuchukua kingine. Simu yenye kumbukumbu ndogo ikipewa faili zima la miaka kumi itasimama. Ikipewa mstari mmoja mmoja, itamaliza.

Kisha kuna "strip". Kila mstari wa faili unaishia na alama isiyoonekana inayosema "hapa mstari umekwisha". Usipoiondoa, jina la mto wetu "Mulongwe" ulilosoma kutoka kwenye faili halitalingana na "Mulongwe" uliloandika mwenyewe, na utakaa saa nzima ukitafuta tofauti ambayo macho hayaioni. Nafasi tupu mwishoni mwa neno nazo hufanya vivyo hivyo. "strip" inafagia zote.

Kabla hamjafika hapo, wengi watakutana na kosa la kwanza kabisa: FileNotFoundError, yaani faili halikupatikana. Mara nyingi faili lipo. Programu inatafuta katika folda nyingine. Mkiandika njia nzima ya faili kwenye Windows, jihadharini na mstari wa mkwaju unaoegemea kushoto. Katika Python, alama hiyo ikifuatwa na t inamaanisha nafasi ya kichupo, na ikifuatwa na n inamaanisha mstari mpya. Sasa fikirini folda zetu tunaziitaje: takwimu, taarifa, nyaraka, ndagala. Ukiandika "C:\takwimu\ndagala.txt", Python itaona nafasi na mstari mpya mahali ulipoandika majina, na haitapata kitu. Wekeni herufi r mbele ya alama za kufungulia nukuu, r"C:\takwimu\ndagala.txt", au tumieni mkwaju wa kawaida /, ambao Windows nayo inaukubali.

Neno linaloleta maswali mengi kuliko yote ni "encoding", yaani namna herufi zilivyogeuzwa kuwa namba ndani ya faili. Kompyuta haihifadhi herufi. Inahifadhi namba, na lazima msomaji na mwandishi wakubaliane namba ipi ni herufi ipi. Kiswahili kingekuwa peke yake, tusingeona shida, kwa sababu herufi zetu zote zimo katika ASCII, orodha ya alama 128 iliyowekwa mwaka 1963. Lakini sisi huku tunaandika Kiswahili na Kifaransa katika mstari mmoja. Kaye ya zahanati ina neno "Décès". Kaye ya soko ina "février" na "séché". Hiyo é ndiyo mtego.

Katika UTF-8, mpango uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992 na unaotumika leo karibu kila mahali, é huandikwa kwa baiti mbili. Katika mpango wa zamani wa Windows wa nchi za Magharibi, é ni baiti moja. Ukilisoma faili la UTF-8 kana kwamba ni la Windows ya zamani, "Décès" inageuka "DÃ©cÃ¨s". Ukifanya kinyume chake, Python inasimama na kukuambia UnicodeDecodeError. Kati ya hayo mawili, afadhali la pili. Programu iliyosimama imekuheshimu. Iliyoendelea imekuachia majina ya watu yaliyovurugika, na mtu yuleyule atahesabiwa kama watu wawili.

Kwa hiyo andikeni encoding kila mara, msiachie mashine iamue. Mkiacha wazi, matoleo mengi ya Python hufuata desturi ya mfumo wa kompyuta husika, na programu iliyokwenda sawa kwenye mashine ya Linux itavuruga herufi kwenye ya Windows ya rafiki yako. Jaribuni kwanza "utf-8". Ikikataa, jaribuni "cp1252", yaani ule mpango wa zamani wa Windows, kisha mtazame kwa macho mistari michache yenye é na è. Faili likitoka Excel, huenda mkaona alama za ajabu, ï»¿, mbele ya neno la kwanza kabisa, au neno hilo likakataa kulingana na lolote. Ni alama ya utambulisho ambayo Excel huweka mwanzoni. Tumieni "utf-8-sig" nayo itaondoka.

Hadi hapa faili limefunguka. Bado halijasomwa.

Ninataka mkae na jambo hili, maana ndilo lililonifanya niandike. Kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi mjini kwetu, hutenganisha safu za faili la .csv kwa nukta-mkato, na hutumia mkato kwa desimali: kilo kumi na mbili na nusu ni 12,5. Masomo mengi ya Python yaliandikwa na watu wanaotenganisha safu kwa mkato na kuweka nukta kwenye desimali. Ukifuata somo lao neno kwa neno, kilo 12,5 itakatwa vipande viwili, 12 na 5, na safu zote zinazofuata zitasogea. Hilo utaligundua upesi. Ukitenganisha kwa nukta-mkato halafu ukaomba Python igeuze "12,5" kuwa namba, itakataa. Hilo nalo utaligundua, na dawa yake ni kubadilisha mkato kuwa nukta.

Hatari ni 1.200. Mwandishi wa kaye anaandika 1.200 akimaanisha elfu moja mia mbili, kama tunavyoandika bei sokoni. Python inasoma moja nukta mbili. Hailalamiki hata kidogo, maana 1.200 ni namba halali. Usiku mkubwa kuliko yote wa msimu, ambao mitumbwi ilirudi imeelemewa, unaingia kwenye jumla kama kilo moja na kidogo. Na kadiri usiku ulivyokuwa mwema ndivyo uwezekano wa kuandikwa kwa nukta ulivyo mkubwa, kwa sababu nukta huja pale tu namba inapovuka elfu. Unapata ripoti inayosema samaki wamepungua, na ukweli ni kwamba siku za neema zimefutwa na nukta.

Programu haiwezi kujua nia ya mwandishi. Wewe ndiye unayejua, kwa kuzungumza naye. Kabla ya kuandika msimbo wowote, keti na aliyeandika kaye, muulize: mzee, ukiweka nukta hapa unamaanisha nini? Ukiacha wazi unamaanisha nini? Dakika kumi za mazungumzo hayo zina faida kuliko mistari mia ya msimbo.

Hilo swali la kuacha wazi lina uzito wake. Wavuvi wetu huvuta ndagala kwa mwanga wa taa usiku. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina nguvu, na vyombo vingi havitoki. Siku hizo kaye haina namba. Je, ni sifuri? Sifuri inasema tulikwenda tukakosa. Pengo linasema hatukwenda. Ukigeuza mapengo kuwa sifuri, wastani wa kila usiku unashuka, na mtu asiyejua ziwa atahitimisha jambo lisilokuwapo. Ng'ambo, Tanzania ilifunga uvuvi katika upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Faili la Kigoma la mwaka huo litakuwa na miezi mitatu isiyo na kitu, na anayelisoma bila habari hiyo atadhani msiba ulitokea.

Tuna mfano mkubwa hapahapa mjini. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti juu ya kipindupindu Uvira, uliotumia takwimu za 2009 hadi 2014. Ukiutazama kwa jicho la mtu wa programu, moyo wake ni orodha mbili za kila siku: wagonjwa waliolazwa katika kituo cha matibabu ya kipindupindu, na kiasi cha maji kilichotoka kwenye mtambo wa maji wa mji. Watafiti waliziweka sambamba, siku kwa siku. Walikuta kwamba katika siku 12 zinazofuata siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu huongezeka kwa wastani wa asilimia 155. Kila mama wa Uvira aliyewahi kuchota maji ya ziwa kwa sababu bomba limekauka alikuwa anajua kuna uhusiano. Orodha hizo mbili zilimpa ushahidi.

Sasa fikirini tarehe zingesogea kwa siku chache katika orodha moja. Au siku zisizo na maji zingeachwa wazi na programu ikaziruka. Uhusiano wote ungepotea. Miaka sita kamili kuanzia 1 Januari 2009 hadi 31 Desemba 2014 ina siku 2,191. Mtu akisoma faili la namna hiyo na kupata mistari 2,190, asiendelee. Kuna siku imepotea, na mimi ningeanza kuitafuta kwenye 29 Februari 2012. Kujua idadi ya mistari unayoitarajia kabla ya kufungua faili ndiyo kinga bora ninayoijua.

Na tarehe zenyewe, ziandikeni mwaka kwanza: 2020-04-17. Zikiandikwa hivyo hujipanga zenyewe kwa mfuatano, na hakuna atakayechanganya siku na mwezi. 03/04/2020 kwetu ni tarehe tatu Aprili. Kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi.

Hii hapa programu ndefu kidogo, ninayoipenda kwa sababu haifichi kilichoishinda. Tuseme kila mstari una tarehe, chombo na kilo.

jumla = 0
nzuri = 0
mbaya = []
with open("ndagala.txt", encoding="utf-8-sig") as kaye:
    for namba, mstari in enumerate(kaye, start=1):
        mstari = mstari.strip()
        if not mstari:
            continue
        sehemu = mstari.split(";")
        try:
            jumla += float(sehemu[2].replace(",", "."))
            nzuri += 1
        except (ValueError, IndexError):
            mbaya.append((namba, mstari))

print(jumla, nzuri, len(mbaya))
for namba, mstari in mbaya:
    print(namba, mstari)

Python huhesabu kuanzia sifuri, ndiyo maana sehemu[2] ni safu ya tatu. Mstari ambao kilo zake hazisomeki hauingii kwenye jumla, lakini pia hautupwi: unatajwa mwishoni pamoja na namba yake, ili urudi kwenye kaye uangalie. Mstari wa vichwa utajitokeza humo, na ni sawa. Siku za mbalamwezi zilizoachwa wazi zitajitokeza pia, nawe utaamua. Mistari mibaya ikiwa mitatu, irekebishe kwa mkono. Ikiwa mia tatu, hujaelewa faili. Usitoe jumla hiyo kwa mtu yeyote. Ile 1.200 haitakamatwa hapa, kwa hiyo ongezeni ulinzi wenu: mkijua chombo hakiwezi kurudi na kilo mbili tu, programu iitaje mistari yote iliyo chini ya kiwango hicho.

Neno la mwisho juu ya kufungua, na hili nimelijifunza kwa uchungu. Ndani ya open unaweza kuongeza herufi inayosema unafungua kwa kazi gani. "r" ni kusoma. "a" ni kuongeza mwishoni. "w" ni kuandika, na maana yake kamili ni: futa yote yaliyomo, anza upya. Inafuta palepale inapofungua, kabla hujaandika neno moja. Miaka ya nyuma kikundi kimoja cha wauza ndagala kilinikabidhi faili la miezi sita. Nilitaka kuongeza safu moja. Nikaandika "w" badala ya "r", nikabonyeza, na faili likabaki na baiti sifuri. Sikuwa na nakala. Nilikwenda kuwaambia akina mama wale ana kwa ana, nikaomba kaye zao, nikaandika upya kwa wiki tatu. Kaye moja ilikuwa imeshawasha moto jikoni, na mwezi ule haukurudi.

Tangu siku hiyo siendeshi programu yoyote juu ya faili la asili. Ninanakili kwanza, nakala moja inabaki kwenye flashi, nyingine kwa mtu mwingine anayeishi mtaa mwingine. Mto Mulongwe ulipofurika Aprili 2020, maji yalichukua nyumba nzima na kila karatasi iliyokuwamo. Flashi iliyoko katika nyumba ileile ingekwenda pia. Matokeo ya programu nayaandika katika faili jipya lenye jina jingine, na la asili linabaki kama lilivyokabidhiwa, pamoja na makosa yake, kwa sababu siku moja mtu atauliza mwandishi aliandika nini hasa.

Kwa wauguzi: kabla hamjampa mtu wa kompyuta orodha ya wagonjwa, ondoeni safu ya majina na simu. Programu ya kuhesabu haihitaji jina la mtu, na faili likishaingia kwenye WhatsApp halirudi.

Leo jioni chukueni ukurasa mmoja wa kaye, mmoja tu. Uandikeni katika faili la maandishi, mstari mmoja kwa kila chombo, mlihifadhi kwa UTF-8, mtengeneze nakala. Endesheni programu ile. Kisha mjumlishe ukurasa uleule kwa kalamu, na msiende ukurasa wa pili mpaka hesabu hizo mbili zilingane.